Kocha Asistaafishwe kwa Umri

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama makocha wa michezo wawekewe umri wa kustaafu kama watumishi wengine. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu ni Amos Alonzo Stagg, kocha wa futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai.

Stagg, mzaliwa wa New Jersey mwaka 1862, aliingia Chuo Kikuu cha Yale akikusudia kuwa mchungaji. Mahubiri yalimshinda, kwa kuwa hakujaliwa ulimi wa mimbarini, lakini uwanjani alikuwa na jicho la mwalimu: ili wenzake wajifunze kumwangusha mpinzani bila kuumizana, alikunja godoro, akalitundika, wakawa wanalivamia na kulikumbatia kwa mabega. Mpaka leo timu za mchezo huo hufanya mazoezi kwa vifaa vilivyotokana na wazo lile.

Mwaka 1892 Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kinafungua milango, kilimwajiri na kumpa cheo cha kitaaluma pamoja na wahadhiri, heshima ambayo kwangu ina uzito kuliko vikombe vyote, maana ilikiri kwamba kufundisha mchezo ni kufundisha. Alidumu hapo misimu 41. Mwaka 1905 vijana wake waliifunga Michigan 2–0, timu iliyokuwa imecheza michezo 56 bila kufungwa.

Kisha, mwaka 1932, akiwa na miaka 70, kanuni ya chuo ikamwondoa. Nakubali kwamba misimu yake ya mwisho Chicago ilikuwa ya kufungwa zaidi kuliko kushinda, na kama wangemwondoa kwa hoja hiyo nisingekuwa na neno. Lakini kilichotumika ni umri, na umri ulidanganya. Alihamia Stockton, California, akafundisha Chuo cha Pacific misimu 14, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wa nchi nzima walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka.

Baada ya hapo alikwenda Pennsylvania kufundisha bega kwa bega na mwanawe, akarudi tena Stockton, akawa anawaelekeza vijana wa chuo kimoja cha huko namna ya kuupiga mpira kwa mguu. Ilipofika mwaka 1960, akiwa na miaka 98, aliamua mwenyewe kuacha.