Nimekwama kwenye 1:50.3 Monza: nibadilishe mipangilio ya gari au uendeshaji?

SWALI: Kwa wiki tatu nimekuwa nikijaribu kuuvunja muda wangu bora wa mzunguko, 1:50.3 (dakika moja na sekunde 50.3), katika uwanja wa Monza, Italia, nikiendesha gari la daraja la GT3 (magari ya mbio yanayotokana na magari ya kawaida ya michezo) kwenye Assetto Corsa Competizione, mchezo wa video wa mbio za magari. Nimepakua mipangilio minne ya gari bila mafanikio. Nikijumlisha muda wangu bora wa kila kimoja cha vipande vitatu vya mzunguko, vyote kwa mipangilio ya awali, napata 1:49.1, lakini havikubali kukutana katika mzunguko mmoja. Nifanye nini?

JIBU: Jumla hiyo imekwisha kujibu nusu ya swali lako, kwa sababu inaonyesha kwamba gari ulilonalo, kabla hujaligusa, lina uwezo wa kukaribia 1:49. Nasema kukaribia, kwani jumla ya vipande hudanganya kidogo: dereva anaweza kuchelewa kukanyaga breki karibu na mstari wa kipande, akaandikiwa muda mzuri, halafu hasara ikaandikwa kwenye kipande kinachofuata. Nashuku ndivyo inavyokutokea.

Chukua kona ya kwanza, Rettifilo. Unafika ukiwa na kasi ya takriban kilomita 260 kwa saa, na katika kasi hiyo mita 5 hupita kwa sehemu 7 tu za mia za sekunde. Anayefukuza muda huzing'ang'ania mita hizo, akanyage breki kwa hofu, kisha auinue mguu ghafla anapokata usukani. Hapo ndipo kosa lilipo. Breki inapoachiwa ghafla, uzito uliokuwa umeyaelemea matairi ya mbele hurudi nyuma, pua ya gari hukataa kuingia kona, nawe unalazimika kusubiri kabla ya kukanyaga mafuta. Kanyaga kwa nguvu mwanzoni, kisha uiachie breki polepole kadiri usukani unavyozidi kukatwa, hata ubaki na asilimia 5 au 10 unapokaribia kilele cha kona, yaani pale gari linapokuwa karibu zaidi na ukingo wa ndani.

Parabolica, kona ya mwisho, ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa kuwa baada yake kuna sehemu iliyonyooka inayozidi kilomita moja, na kasi ndogo uliyoiongeza wakati wa kutoka inakusindikiza mpaka breki inayofuata. Ukiona umekanyaga mafuta, ukaachia, ukakanyaga tena, ujue umeanza mapema mno.

Kuhusu mengine nitasema kwa ufupi. Punguza mafuta kwenye tangi, maana lita 60 zina uzito wa takriban kilo 45, na hakikisha upepo wa matairi yakiwa moto uko kati ya PSI 26 na 27. Mipangilio ya kupakua iweke kando. Mara nyingi imetengenezwa na mtu ambaye mguu wake haufanani na wako.

Kwa zoezi, ficha kipimo cha tofauti ya muda kwenye skrini, kile kinachokuonyesha uko mbele au nyuma ya mzunguko wako bora kwa kiasi gani (binafsi naamini kimewaharibia watu mizunguko mingi kuliko matairi mabovu), kisha endesha mizunguko 10 ukikanyaga breki mita 10 mapema kila mahali. Baadaye fungua telemetria (kumbukumbu ya kasi, breki na mafuta kwa kila mzunguko) ulinganishe kasi yako mwishoni mwa kila sehemu iliyonyooka na ile ya mzunguko wa 1:50.3, kabla tu ya kukanyaga breki. Pale ambapo imepanda kwa kilomita 2 au 3 kwa saa, anza kuisogeza mbele tena breki ya kona iliyotangulia sehemu hiyo, mita moja moja, na usimame pale kasi hiyo inapoanza kushuka.