Pasipoti iliyopotea ikipatikana, usisafiri nayo

SWALI: Wahariri, hamjambo? Nilipotelewa na pasipoti, nikatoa taarifa polisi na Uhamiaji, nikapewa mpya. Sasa ile ya zamani nimeikuta kwenye begi la nguo. Muda wake haujaisha, na ina viza ya Marekani. Naweza kuitumia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, hata kwa kuvuka Horohoro tu kwenda Mombasa. Pasipoti ikishatangazwa kupotea, hufutwa, na namba yake inaweza kuingizwa katika kanzidata ya Interpol ya hati zilizoibwa au kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002. Afisa wa mpakani akiikagua, mfumo unatafuta namba ya hati, hautafuti jina lako. Kwa hiyo kujitetea kwamba wewe ndiye mwenyewe hakukusaidii. Utazuiwa, utahojiwa, na ndege itakuacha. Afisa wa nchi nyingine, tuseme wa Muscat, Oman, hata akikuamini hawezi kuiondoa namba hiyo, kwani nchi iliyotoa pasipoti ndiyo yenye mamlaka hayo.

Ukali huu una sababu. Machi 2014, abiria wawili walipanda ndege ya Malaysia MH370, ile iliyotoweka, kwa pasipoti za Austria na Italia zilizoibwa Thailand. Namba zote mbili zilikuwa tayari kwenye kanzidata, lakini hazikukaguliwa kabla ya safari. Mfumo huu hauna faida pale ambapo afisa hauulizi, na hilo ndilo pengo tunalotaka kila kituo cha mpaka kilizibe.

Ipeleke pasipoti ya zamani Uhamiaji pamoja na mpya, uikabidhi, na udai uthibitisho wa maandishi. Kuhusu viza: ikiwa uliuarifu ubalozi wa Marekani kwamba imepotea, haifai tena hata baada ya kupatikana. Kama hukuuarifu, waulize kabla ya kukata tiketi.

SWALI: Nimeibiwa pasipoti nikiwa Dubai. Polisi wa huko wamenipa karatasi ya taarifa. Je, yatosha?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Karatasi hiyo inathibitisha tu kwamba umeripoti. Polisi wa nchi nyingine hawaingizi pasipoti ya Kenya kwenye kanzidata ya Interpol, maana kazi hiyo ni ya Kenya yenyewe. Nenda na karatasi hiyo kwenye ubalozi mdogo wa Kenya siku hiyohiyo, uombe pasipoti ifutwe na upewe hati ya dharura ya kurudi nyumbani.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni namba. Mtu haikumbuki, anakisia. Tarakimu moja ikikosewa, pasipoti ya mwenzio asiye na hatia inaweza kufungwa, huku yako ikibaki hai mikononi mwa wasafirishaji haramu wa binadamu, wanaotafuta hasa hati halisi yenye picha inayofanana na mteja wao. Piga picha ukurasa wenye jina na namba, ujitumie kwa barua pepe, na nakala ya karatasi iwe kwenye mzigo mwingine, mbali na pasipoti.