Biogesi: presha ipo, mbona jiko linazimika?

SWALI: Nina ng'ombe 3 na mtambo wa biogesi wa meta za ujazo 6, ule wa kuba la matofali. Kila siku naingiza ndoo 2 za samadi na ndoo 2 za maji. Wiki tatu zilizopita nilianza kuongeza ndoo nzima ya ugali uliolala na maganda ya ndizi mbivu. Mwanzoni gesi iliongezeka kweli. Sasa presha ipo, lakini nikiwasha jiko mwali unayumba na kuzimika, na tope linalotoka linanuka uchachu. Je, vijidudu vimekufa?
Mfugaji, Rungwe

JIBU: Havijafa vyote, ndugu mfugaji, ila vimelemewa. Mle ndani kuna makundi ya vijidudu yanayopokezana chakula. Ya mwanzo huvunja wanga na nyuzi za majani kuwa sukari, kisha sukari kuwa asidi. Haya yana kasi: yakipata ugali, huongezeka maradufu ndani ya saa chache. Kundi la mwisho ndilo linalokupa moto. Hilo hula asidi ya asetiki, ileile ya kwenye siki, au huunganisha hidrojeni na kabonidioksidi, likatoa methani, gesi inayowaka.

Sasa angalia mgao wake. Sukari ikivunjwa bila oksijeni hadi mwisho, zaidi ya tisa ya kumi ya nishati yake huondoka na methani na kwenda kuchemsha sufuria yako. Vijidudu vyote hugawana hicho kidogo kinachobaki, na ndiyo sababu kundi la methani huhitaji siku kadhaa kuongezeka maradufu. Ugali wako uligeuka asidi upesi, walaji wa asidi wakawa wachache, asidi ikarundikana. pH ni kipimo cha uchachu: kadiri inavyoshuka, uchachu umezidi. Ikishuka chini ya 6.5, nao hudhoofika zaidi. Gesi uliyonayo imejaa kabonidioksidi, isiyowaka.

Acha kabisa mabaki ya jikoni, na usilishe chochote kwa wiki moja. Toa gesi mbovu nje, mbali na moto. Nunua karatasi za kupima pH, unataka 6.8 hadi 7.5. Ukiweza, chota ndoo 5 za tope kwenye mtambo wa jirani unaowaka vizuri, umimine kwenye wako: hiyo ni mbegu ya vijidudu vya methani. Ikiwa pH bado iko chini ya 6.5, koroga nusu kilo ya chokaa katika ndoo ya maji, mimina, subiri siku nzima, upime tena. Usimwage mfuko mzima! Chokaa hufyonza kabonidioksidi, presha huanguka ghafla, na mashapo hujaa chini.

Mwali ukishika, anza na nusu ya samadi kwa wiki moja, kisha rudi kiwango chako cha kawaida. Mabaki ya ugali yarudishe baadaye, lita 2 kwa siku, ukiongeza kidogo kila wiki na kupima pH.

SWALI: Samadi ya kuku inafaa? Na kuongeza maji ili tope lishuke kirahisi kuna ubaya?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ya kuku inafaa ikichanganywa. Vijidudu huhitaji kaboni sehemu 20 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu 1 ili kujenga miili yao. Ya ng'ombe iko humo. Ya kuku ina naitrojeni nyingi mno, na ikizidi hugeuka amonia inayovidhuru. Weka sehemu 1 ya kuku kwa 4 za ng'ombe, na uondoe maranda, maana mbao haziozi bila oksijeni, huziba tu.

Maji yasizidi samadi. Ukizidisha, tope hutoka kabla vijidudu vya methani havijazaana, unavisukuma nje pamoja nalo. Kwenu Njombe hatari ni kubwa Juni na Julai, kwa kuwa tope likikaribia nyuzijoto 15 kazi hukaribia kusimama. Miezi hiyo punguza malisho, na ufukie kuba vizuri kwa udongo. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, samadi yake ipeleke kwenye lundo la mboji hadi dawa imtoke mwilini.