Kabla hujarusha stori, angalia kalenda

Wadogo zangu wa dawati la habari, wiki hii nimefuta kichwa kilichosomeka "Magari ya jeshi yazua taharuki Temeke". Ni wiki ya kwanza ya Desemba. Uwanja wa Uhuru uko Temeke. Tarehe 9, sikukuu ya Uhuru na gwaride lake, inakaribia, kama inavyokaribia kila mwaka tangu 1961. Aliyeandika ni kijana mwerevu, kalamu yake tamu, picha zake kali, ila hakumuuliza hata muuza maji wa pale barabarani magari yale yanakwenda wapi. Na taharuki yenyewe sikuiona, labda ile yake mwenyewe.

Nimeshafoka vya kutosha. Kaeni sasa niwasimulie habari za Frederick Forsyth, Mwingereza aliyekuwa ripota kabla hajawa mwandishi wa riwaya, maana kosa hili lina babu yake.

1. Anzieni chini, msione haya. Forsyth alizaliwa 1938 huko Ashford, Kent, baba yake akiuza mavazi ya manyoya. Alirusha ndege za kivita za Vampire akiwa kijana mdogo, halafu akaenda kujifunza kazi kwenye gazeti la mkoa, Eastern Daily Press, kule Norfolk. Rubani wa ndege za kivita kwenye gazeti la mkoa! Ninyi mkipangiwa kikao cha halmashauri, ghafla kila mmoja ana msiba.

2. Jifunzeni lugha. Baba yake alimpeleka utotoni kukaa na familia za Ufaransa na Ujerumani, na shirika la habari la Reuters walipomwajiri 1961 haikuchukua muda akawa Paris.

3. Swali la "kwa nini" halina mbadala. Hapa ndipo penye kisa.

Mwaka 1964 Forsyth ana miaka 25. Ndiye mwakilishi pekee wa Reuters Berlin Mashariki, na Chekoslovakia na Hungaria nazo ziko mikononi mwake. Ukuta wa Berlin haujatimiza hata miaka mitatu. Sakata la makombora ya Cuba halijatimiza hata miwili. Usiku mmoja wa Aprili, manane kabisa, anaendesha gari kurudi kwake, anasimamishwa kupisha msafara. Wanajeshi wa Kirusi. Anageuza gari, anajaribu barabara nyingine, anakuta vifaru. Anajaribu nyingine tena, mizinga. Wote wanaelekea upande wa Ukuta.

Hebu jiwekeni pale. Kila tunachowaimbia kwenye kikao cha asubuhi alikuwa nacho. Ameona kwa macho yake. Amezunguka, hakuridhika na barabara moja. Hakuna shirika jingine lenye hiyo skupu. Akakimbilia ofisini, akaandika, akaituma London.

Mengine ameyakiri mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha 2015, tena kwa ucheshi wa mtu ambaye aibu imeshampoa. Usiku uleule wakubwa wa serikali za Magharibi wakaanza kuamshwa vitandani, kila mmoja akimuuliza mwenzake kama Vita vya Tatu vya Dunia ndiyo vimeanza. Baadaye jibu likapatikana. Yalikuwa mazoezi ya gwaride la Mei Mosi.

Gwaride la Mei Mosi. Katika nchi ya kikomunisti. Mwishoni mwa Aprili.

Mimi huwa nacheka kila nikifika hapo, halafu kicheko kinakatika, kwa sababu kijana yule hakuzusha chochote. Vifaru vilikuwepo. Askari walikuwepo. Ukitafuta neno la uongo la kumfukuzia kazi, hulipati. Alichokosa ni kujua leo tarehe ngapi na wiki ijayo kuna nini mjini. Na msijidanganye na ule wimbo wa vyanzo viwili. Mtu wa pili aliyeona vifaru vilevile hajawa chanzo cha pili. Watu mia wanaweza kuviona na wote mia wasijue vinakwenda wapi. Chanzo cha pili ni yule anayejua sababu. Video ya WhatsApp iliyosambazwa kwenye magrupu arobaini bado ni video moja.

4. Ukikaa sana upande mmoja wa vita, utaanza kuongea kwa sauti ya upande huo. Forsyth alihamia BBC 1965, na 1967 wakampeleka Nigeria, eneo la mashariki lilipojitenga kwa jina la Biafra. Mwaka uliofuata akaachana nao, akarudi Biafra kama mwandishi wa kujitegemea. Sisi hapa tuna sababu yetu ya kuvifuatilia vita vile: Tanzania ya Mwalimu ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Njaa aliyoiripoti ilikuwa kweli, na watoto walikufa kweli. Lakini akawa rafiki wa Ojukwu, kiongozi wa Biafra, baadaye akamwandikia na kitabu, na ukisoma alichokiandika 1969 kuhusu vita ile unaona kabisa mahali ripota anapokaa na wakili anaposimama. Hasira yake naielewa. Ila ningekuwa mhariri wake ningemrudisha nyumbani akapumzike.

5. Usimfanyie kazi mtu wa usalama, wa nchi yoyote, hata kwa soda. Mwaka huohuo wa 2015 Forsyth alikiri kwamba tangu Biafra, na kwa zaidi ya miaka 20, aliwasaidia MI6, mashushushu wa Uingereza. Hapa sina utani. Ripota mmoja akifanya hivyo, anayefuata akisimamishwa kizuizini na kitambulisho chake cha uandishi haaminiki tena, na anayelipa ni yeye.

6. Tunzeni madaftari. Agosti 1962 wauaji wa OAS, kundi la siri lililopinga uhuru wa Algeria, waliimiminia risasi gari la rais wa Ufaransa, de Gaulle, pale Petit-Clamart karibu na Paris, akapona. Forsyth alikuwa Paris na Reuters, akiwa miongoni mwa waliomwandama rais yule kila aendako. Januari 1970, karudi London hana kazi wala senti, akakaa siku 35 akaandika riwaya, The Day of the Jackal. Wachapishaji kadhaa wakaikataa: nani atasoma habari ya njama ya kumuua mtu ambaye kila mmoja anajua hakuuawa? Ikatoka 1971, ikauzwa mpaka basi. Sehemu inayonipa wivu ni ile ya muuaji kupata pasipoti halali kwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyekufa. Ule ni uripota mtupu: mtu anajua fomu ipi inajazwa na nani haikagui.

7. Mikataba. Haki za filamu aliziuza kwa mkupuo, pauni 20,000, akidhani amewapata. Filamu ikatoka 1973, ikavuma. Siku ikija simu ya namna hiyo, mniletee karatasi niisome kwanza. Na yule wa Temeke aniletee picha zake. Zile za vijana wa gwaride wakinywa maji kivulini ni nzuri, tutazitumia ukurasa wa tatu.