Swali la lugha: asetoni ina uzito, msongamano au densiti?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafanya kazi katika maabara ya kiwanda kinachotumia viyeyusho vingi, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu vingine, kama asetoni, na tangu mwaka huu tunaandika madaftari yetu kwa Kiswahili. Juzi niliandika: "Uzito wa asetoni ni 0.79." Msimamizi wangu akafuta "uzito" na kuandika "msongamano". Mwenzangu wa zamu anasema wote tumekosea, neno ni "densiti", na msongamano ni wa magari. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme viyeyusho au viyeyushi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako wa zamu ndiye aliyelenga: andika densiti, yaani gramu zilizomo katika kila mililita. Lakini sentensi yako ina upungufu ambao neno hilo peke yake haliuponyi, na huko nitafika. Kwanza tulitazame "uzito", maana ndilo linalowanasa wengi.

Kivumishi -zito kimebebeshwa mengi. Tunasema mzigo mzito, usingizi mzito, sauti nzito, wingu zito, gundi nzito. Hiyo gundi nzito ndiyo inayoleta shida maabara, kwa sababu anayeisema hafikirii mizani hata kidogo. Anachosema ni kwamba gundi haimiminiki upesi. Sifa hiyo ina jina lake, mnato. Kwa hiyo mtu akiandika "kimiminika kizito", msomaji anaweza kuelewa mambo matatu: kwamba chombo chake ni kigumu kunyanyua, kwamba kinanata na kutiririka polepole, au kwamba ujazo mdogo wake una gramu nyingi. Mambo haya matatu hayaendi pamoja.

Mfano mzuri ni dikloromethani, kiyeyushi kingine. Ukiimimina ndani ya silinda ya kioo yenye maji, inateremka kwa wepesi kabisa, kwa sababu mnato wake haufiki nusu ya ule wa maji. Jicho linakuambia hiki ni kimiminika chepesi. Subiri kidogo: kinapita katikati ya maji, kinatulia chini, na mstari wa mpaka unaonekana wazi, maji juu na dikloromethani chini. Densiti yake ni gramu 1.33 hivi kwa mililita. Sasa chukua mafuta ya nyonyo, yanayotumika pia kulainishia mitambo. Yanashuka kama uzi, yana mnato unaozidi wa maji mara mamia, na kila mtu atakuambia ni mafuta mazito. Lakini yataelea juu ya maji, kwa sababu densiti yake ni 0.96 tu. Ukimwuliza fundi sanifu "kipi kizito kati ya hivi viwili?" na yeye akajibu bila kukuuliza unakusudia nini, jibu lake lisiingie daftarini.

Kuna jingine. Uzito hukua kadiri kitu kinavyoongezeka. Ukisema "uzito wa asetoni", nina haki ya kukuuliza: asetoni kiasi gani? Ya chupa ndogo au ya pipa? Densiti haiulizwi swali hilo, kwa kuwa ni ile ile kwenye tone na kwenye tangi, halijoto ikiwa moja. Ndiyo sababu densiti yafaa kumtambulisha kimiminika na uzito haufai. (Wanafizikia watakukumbusha pia kwamba kinachosomwa kwa gramu ni tungamo, ambalo wengine huliita masi, na uzito ni nguvu ya mvutano. Katika mazungumzo ya maabara sioni ubaya wa kusema uzito mbele ya mizani. Katika hati rasmi, ningeandika tungamo.)

Msimamizi wako naye hakulitoa neno hewani. "Msongamano" limetumika katika maandishi ya sayansi kwa maana hii, na kwa kumweleza mwanafunzi mara ya kwanza linasaidia: vitu vingi vimebanana mahali padogo. Sina ugomvi na kwamba ni neno la magari. Lugha huazima ndani yake yenyewe kila siku. Ninachokipinga ni picha inayochora. Kusongamana ni idadi. Barabara yenye msongamano ina magari mengi, si magari makubwa. Densiti haihesabu vichwa, inahesabu gramu.

Tazama klorofomu na ethanoli katika nyuzi 20 za Selsiasi. Densiti ya klorofomu ni 1.49, ya ethanoli ni 0.789, yaani klorofomu inaizidi karibu mara mbili. Mtu aliyezoea neno msongamano atadhani molekuli za klorofomu zimejazana zaidi. Ni kinyume chake. Lita moja ya klorofomu ina takriban moli 12.5 (moli ni kizio cha kuhesabia molekuli), na lita moja ya ethanoli ina takriban moli 17. Zilizosongamana zaidi ni za ethanoli. Za klorofomu ni chache ila kila moja ni nzito, kwa sababu imebeba atomi tatu za klorini. Neno linalompeleka msomaji upande usio wake mahali ambapo kemikali zinapimwa, mimi nisingelitumia kwenye daftari. Utakutana pia na "wiani", hasa katika kurasa zilizotafsiriwa na mashine. Liko karibu mno na "uwiano", na katika kazi hii uwiano ni jambo jingine kabisa, kama utakavyoona.

Basi densiti. Ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-: densiti hii, densiti zetu, densiti ilipimwa, densiti zilipimwa. Sifa yake iwe kubwa au ndogo. "Densiti nzito" inaturudisha kule kule tulikotoka, na "densiti ya juu" inaeleweka lakini Kiswahili kimezoea kukiita kiasi kikubwa au kidogo. Kizio kitamkwe kwa "kwa": gramu kwa mililita, kilogramu kwa mita ya ujazo. Nimewasikia vijana wakisoma alama ya mkwaju kama neno, "gramu mkwaju mililita". Mkwaju ni wa macho. Ulimi useme "kwa". Na tarakimu baada ya nukta zisomwe moja moja: 0.791 ni sifuri nukta saba tisa moja. Ukisema "sifuri nukta mia saba tisini na moja", anayekuandikia atapotea siku mtakapokuwa na 0.79 na 0.7910 katika ukurasa mmoja, na hizo hazisemi usahihi ule ule.

Sasa tuje kwenye upungufu niliokutajia. Sentensi yako inatumia "ni". Kwa "ni" unatangaza ukweli wa kudumu, kama ilivyo kwenye jedwali: densiti ya toluini ni 0.867 katika nyuzi 20. Kwa "hu-" unaeleza tabia: densiti ya kimiminika hiki hupungua halijoto ikipanda. Lakini wewe hukuwa unaandika jedwali wala tabia. Ulikuwa unashuhudia ulichokiona asubuhi ile, kwenye chupa ile. Ushahidi ni wa "-li-": ilikuwa, ilisomwa, ilikokotolewa. Tofauti hii nashikamana nayo sana. Daftari linaloandika "ni" kila mahali halimwonyeshi mkaguzi kipi kilinakiliwa kutoka kwenye jedwali na kipi kilipimwa kwa mkono.

Kitenzi nacho kiseme njia iliyotumika. Ukitumia piknomita, ile chupa ndogo yenye kizibo kilichotobolewa, hujapima densiti moja kwa moja. Umepima chupa tupu, tuseme gramu 21.46. Umeijaza asetoni, umekausha nje, umepima tena, gramu 41.23. Tofauti ni 19.77, na ujazo wa chupa ni mililita 25.00. Umegawa, umepata 0.791. Hapo densiti ilikokotolewa, na namba zote tatu zibaki daftarini ili mwingine aweze kugawa upya. Ukitumia kipimo cha kidijitali chenye mrija unaotetema, densiti ilipimwa na mashine. Ukitumia haidromita, ile bomba ya kioo inayoelea yenye namba shingoni, ilisomwa.

Kusoma haidromita kwahitaji maneno yake, na hapa Kiswahili kina utajiri. Haidromita huelea. Katika kimiminika chenye densiti ndogo huzama zaidi, katika chenye densiti kubwa huinuka. Kwa sababu hiyo namba kwenye shingo yake hukua kuelekea chini: ndogo iko juu, kubwa iko chini. Niliwahi kukaa na fundi mmoja tukihariri mwongozo wa maabara, akanionyesha sentensi iliyosema "densiti imepanda" mahali ambapo kilichopanda ni haidromita yenyewe. Mambo hayo mawili huenda pamoja, basi hapakuharibika kitu. Lakini anayesoma "kiwango kimepanda" hajui kama ni kiwango cha kimiminika kwenye shingo au ni thamani. Andika "haidromita iliinuka" au "usomaji uliongezeka", na kila mtu atajua unazungumzia nini. Tena kimiminika hujikunja kidogo na kupanda kwenye kioo kuizunguka shingo. Kwa vimiminika vinavyopitisha mwanga, panaposomwa ni usawa wa uso wenyewe, si ile ncha iliyopanda. Neno "usawa" linatosha hapo.

Halijoto ndiyo inayosahaulika, na wengine huiita jotoridi. Vyote ni sawa mradi hati moja ishike neno moja. Densiti ya asetoni hupungua kwa takriban 0.001 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Yaonekana ndogo. Hesabu basi: lita 1,000 zilizo kwenye nyuzi 20 zina kilogramu 790 hivi, na lita 1,000 zilizo kwenye nyuzi 30 zina pungufu ya kilogramu kama 11. Hizo ni nyingi kwa anayepokea mzigo kwa lita na kulipwa kwa kilo. Isitoshe, asetoni hujipoza yenyewe inapovukiza, kwa hiyo halijoto ya chumba si halijoto yake. Kipimajoto kiingie kwenye silinda ile ile, na sentensi iseme "halijoto ya kimiminika", si "halijoto" tu.

Na "0.79" uliyoiandika ilikosa kizio, jambo linaloweza kumfanya msomaji adhani ni densiti linganishi, yaani uwiano wa densiti ya kimiminika na ile ya maji. Uwiano hauna kizio, na hapo ndipo "wiani" lingetuchanganya. Namba zake hukaribiana na densiti bila kuwa zile zile. Maji ya nyuzi 20 yana densiti ya 0.998, si 1 kamili, hivyo toluini yenye densiti ya 0.867 inalingana na 0.869 ikilinganishwa na maji ya nyuzi 20. Ukiandika densiti linganishi, taja na halijoto ya maji uliyolinganishia.

Jambo la mwisho kuhusu 0.79: ethanoli, methanoli na asetoni zote zinaangukia karibu na hapo katika nyuzi 20. Kwa tarakimu mbili tu baada ya nukta, daftari lako halitenganishi kiyeyushi kimoja na kingine, na methanoli ni sumu isiyofaa kubahatishwa. Tarakimu ya tatu iandikwe kama chombo kinaiwezesha, na jina la kemikali liwe kamili. "Spiriti" si jina la kemikali.

Kuhusu viyeyusho au viyeyushi: yote mawili yametumika, nami napendelea viyeyushi. Mwisho wa -i katika maneno kama kisababishi na kiongozi unamtaja mtendaji, na kiyeyushi ndicho kinachoyeyusha. Kiyeyusho kiko jirani mno na myeyusho, ambao ni mchanganyiko uliokwisha kupatikana. Wapo wanaosema kimumunyishaji, wakitenga kumumunyika kwa chumvi ndani ya maji na kuyeyuka kwa barafu juani. Hoja yao ni nzuri kweli, ila kiyeyushi kimekwisha kuenea viwandani, na lebo ya pipa isomeke upesi.

Ningekuwa mahali pako, mstari wako ungekuwa hivi: "Densiti ya asetoni, sampuli ya pipa la 3, ilikokotolewa kwa piknomita ya mililita 25.00 kuwa gramu 0.791 kwa mililita. Halijoto ya kimiminika ilikuwa nyuzi 20.0 za Selsiasi." Chini yake weka namba mbili za mizani, saa, na jina la aliyepima.