Nyumba ya kupanga yenye baridi: sheria ipo

Dada, mwenye nyumba wako amekudanganya aliposema hakuna sheria ya baridi ndani ya nyumba. Kwa England na Wales ipo. Kila nyumba ya kupanga hupimwa inavyotunza joto na kupewa cheti kiitwacho EPC, daraja A (bora kabisa) hadi G (mbaya kabisa). Tangu Aprili 2020, nyumba yenye F au G hairuhusiwi kupangishwa, isipokuwa imesajiliwa msamaha, kwa mfano matengenezo yakizidi pauni 3,500. Cheti hudumu miaka 10, na unakiona bure mtandaoni ukiandika posikodi yako. Kitazame leo, kina pia orodha ya matengenezo yanayopendekezwa.

Kisha panda darini na rula. Sufi ya kuzuia joto lisipotee inashauriwa iwe na unene wa milimita 270. Kwetu tulikuta kijiblanketi cha vidole vinne tu, na chumba cha watoto ukuta ulikuwa unatiririka maji kila asubuhi.

Ukikuta F au G, mwandikie kwanza mwenye nyumba, ubaki na nakala. Akinyamaza, peleka halmashauri. Wanaweza kumtoza faini hadi pauni 5,000.