Si lazima kulima nyasi ndipo upande mboga

Umeuliza kama lazima ulime nyasi zote za mbele ya nyumba kabla ya kusia mbegu. Wala usijichoshe. Zifyeke chini kabisa, mwagilia, tandaza maboksi yaliyobanduliwa utepe, kisha weka juu mboji iliyoiva, sentimita 10 hadi 15. Nyasi zitaoza zenyewe kwa kukosa mwanga. Ukoka ndio mkaidi, huo ung'oe na mizizi yake. Figili na maharage sia papo hapo. Nyanya anzia kitaluni. Mbegu za saladi zinataka mwanga: zinyunyizie udongo kiduchu tu, na pasikauke mpaka zichipue. Karoti subiri msimu ujao, maboksi yakishaoza. Na kama mko kando ya barabara kuu, pimisha udongo kwanza. Madini ya risasi hukaa humo miaka mingi.